Namna ya Kuwa Mwenyekiti wa Mtaa Manzese kwa Kuanzia Chooni

Mzazi mwenzangu, ukitaka kugombea, achana kwanza na fulana na spika. Nenda shuleni kwa mwanao ukahesabu matundu ya choo. Kiwango cha serikali ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 800 inatakiwa iwe nayo 40. Fika wakati wa mapumziko, simama pembeni, tazama foleni. Utawaona mabinti wawili wawili: mmoja anaingia, mwenzake anabaki nje ameushikilia mlango kwa mikono miwili kwa sababu komeo liling'oka zamani. Kengele inalia, foleni haijafika nusu. Andika kwenye daftari, rudi nyumbani. Kampeni imeanza, na heri mtu asijue.

Halafu usikose kikao cha wazazi. Wahi, maana utakalia dawati la darasa la pili, magoti yakigusa kidevu. Tazama waliokuja: mama wa mihogo, mama wa mitumba aliyemwachia jirani meza yake pale karibu na daraja, bibi anayelea wajukuu. Akina baba ni wa kuhesabu kwa vidole. Fomu za kugombea zikitoka, hao hao wasioonekana ndio watakaokuwa wa kwanza kuzichukua. Linaniuma hilo, na nalisema hadharani.

Kikao kikifika kwenye ruzuku, wengi huanza kuchezea simu. Wewe kaa macho. Ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. 6,000 zinaletwa shuleni, 4,000 zinabaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu. Gawanya hizo 6,000 kwa siku 194 za masomo: ni kama shilingi 31 kwa mtoto kwa siku. Hapo ndani kuna chaki, karatasi za mitihani na ukarabati wa lile komeo. Nyanyua mkono, waeleze wenzako hesabu hiyo taratibu, kwa lugha ya sokoni. Ukumbi utanyamaza. Mama wa mihogo anajua shilingi 31 hazinunui hata kipande.

Baada ya hapo watakuchagua kwenye kamati ya shule. Mwalimu mkuu ndiye katibu. Kiti cha mwenyekiti ni cha mzazi. Kazi yako kubwa humo ni kusoma mapato na matumizi kwa sauti na kuhakikisha yanabandikwa ubaoni. Watu wamechoka kuchangishwa. Ada iliondolewa shule za msingi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, sekondari mpaka kidato cha nne mwaka 2016, na Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango shuleni. Kwa hiyo ukitaja mchango wa uji wa watoto, mtu atakuuliza, "Si elimu ni bure?" Usimkaripie. Ana haki ya kuuliza. Mwambie ruzuku haina fungu la uji, na mtoto aliyetoka mtaa wa Uzuri bila kunywa chai halisikii somo la hesabu. Mkikubaliana kwa hiari, kila anayetoa apewe stakabadhi, hata ya shilingi mia tano.

Barua ya kuomba vyoo nayo haitembei yenyewe. Manzese sasa ni kata ya Manispaa ya Ubungo, siyo tena Kinondoni, na makao yake makuu yako Luguruni. Panda mwendokasi mpaka Kimara, unganisha daladala ya Kibamba, ukaulize barua ya shule yenu iko meza gani. Ukiambiwa njoo kesho, kesho nenda.

Njia hii ya kutoka shuleni kwenda kwenye siasa si ngeni. Miaka ya 1950 wazazi wa TAPA, chama cha wazazi Waafrika wa Tanganyika, walijenga shule bega kwa bega na TANU, na leo CCM ina Jumuiya ya Wazazi yenye shule zake.

Ila kuna mahali njia inabana kama kichochoro cha mtaa wa Midizini: sharti udhaminiwe na chama. Mchungaji Mtikila alipigania mgombea binafsi mahakamani miaka na miaka, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa haki. Sheria haijabadilika. Basi mama anayeaminiwa na wazazi mia tatu lazima kwanza apite kwa wanachama wa chama chake, na huko wapambe watamwomba "maji" na "nauli". Usitoe. Ukitoa, utairudisha hiyo hela kwa kuitoa mahali, na mahali penyewe ni kwenye lile komeo. Ukishindwa hapo, rudi kwenye kamati ya shule. Kazi yake haijaisha.

Na kwa wanawake: ujumbe wa kamati ya mtaa una kundi la wanawake na kundi mchanganyiko. Watakusukumia la kwanza kana kwamba ndilo pekee lenye jina lako. Uenyekiti nao ni wako. Gombea.

Uchaguzi wa serikali za mitaa uliopita ulikuwa Novemba 27, 2024, na muhula ni miaka mitano. Mtoto aliyeanza la kwanza Januari 2025 atakuwa la tano unapofika mwingine. Muda upo wa kujenga vyoo, na wa kufahamika.

Ukishinda, kikao cha wazazi kinachofuata utaitwa meza kuu, utaletewa kiti cha plastiki na chupa ya maji. Nyuma kabisa, kwenye dawati la darasa la pili, mama mmoja atanyanyua mkono akiwa na daftari: matundu mliyoahidi ni kumi, yeye amehesabu saba. Ondoka meza kuu, ukakae naye, mhesabu pamoja.