Profesa Mamba na Mnana Arobaini

Hapo kale, kwenye chuo cha wanyama pale Kindu, ukingoni mwa Lualaba, palikuwa na mti mmoja wenye ndege mnana arobaini, mafundi wa kusuka. Kila mwanafunzi alichora mgono wake wa kuvulia samaki, akampelekea Mzee Kobe, mshika foleni, na kumtajia mambo mawili: ndege wangapi, saa ngapi. Saa zikiisha, kazi husimama hapo hapo hata kama limebaki fundo moja, na kilichosukwa hutupwa mtoni. Sindano zilikuwa nane tu, za kukodi kutoka ng'ambo. Kila mgono na sindano yake.

Fisi Maji alivuka mto kwa mtumbwi kutoka Alunguli. Alijua kwamba katika mgono fundo hufuata fundo, na ndege wa tano hana pa kutia mdomo. Akaomba ndege wanne, saa sita.

Profesa Mamba akacheka. "Wanne? Watu watanionaje?" Akaomba wote arobaini, siku saba. Kanuni haikumkataza, Kobe akaandika.

Wanne wakasuka. Thelathini na sita wakachambua manyoya. Sindano saba zikashika kutu huku kodi yake ikilipwa. Foleni ikafika stesheni ya reli. Korongo alichoka kungoja, akaketi mlangoni kwa Kobe akaanza kujisukia mwenyewe. Miguu yake ikaziba njia, ikawa hata wa kuuliza zamu hapiti.

Manung'uniko yalipozidi, Mamba akaitisha mkutano. "Chuo kina uhaba! Tuwaandikie wakubwa watuongezee mnana arobaini." Makofi yakalia.

"Papa Profesa," akasema Fisi Maji, "kabla ya barua, tuwahesabu wanaosuka."

Wote wakatazama juu. Midomo minne.

Kobe hakubishana na mtu. Alimwondoa Korongo mlangoni, kisha akaandika kanuni: ndege uliyemkalisha bure umemtumia, na aliyetumia zaidi hurudi nyuma ya foleni. Msimu uliofuata Mamba aliomba ndege wanne, akautangazia mkutano kuwa kanuni ile aliitunga yeye.

Ndiyo maana hadi leo, penye kompyuta za pamoja za chuo, mchora saketi anayeshika vichakataji arobaini kwa kazi ya vinne mara nyingi hujikuta mkiani. Kuomba usichokitumia ni wizi wenye mhuri.