Pipa la Maji

Ugomvi uliletwa na pipa la uani. Mama alilijaza kila alfajiri kwa maji ya kisimani, na kila alasiri akakuta sakafu imelowa na maji yamepungua. Akamshuku dada, dada akawashuku mbuzi, mbuzi wakafungwa. Maji yakazidi kumwagika.

Kumbe ni mpwa wangu, winga wa timu ya kijiji hapa Mwabungo. Dakika za mwisho za mechi alikuwa akiishiwa pumzi, akasikia uwanjani kwamba wavuvi wa pweza hukaza mapafu kwa mbizi. Basi sisi tukilala mchana, yeye huhema harakaharaka mara nyingi, kisha huzamisha kichwa pipani na kuhesabu.

Siku moja mama alisikia kishindo. Kutoka nje, kijana kaning'inia ukingoni, kichwa majini, mikono imelegea. Ukelele wa mama uliwatoa majirani wote. Tukamvuta, tukamlaza ubavu, akakohoa. Mmoja akaja na ubani, akisema ni pepo wa maji. Mama akamjibu, "Ahsante dada, lakini kwanza zahanati." Tukampakia bodaboda.

Muuguzi alitueleza bila kumkaripia. Kinachomshurutisha mtu kuvuta pumzi hasa ni kaboni dayoksaidi inayojaa damuni. Ukihema harakaharaka kabla ya kuzama, unaipunguza, hamu ya kupumua inachelewa, huku oksijeni inakwisha. Unazimia bila onyo.

Tena kuziba pumzi si kufunza misuli ya kupumua. Misuli hiyo ni kiwambo kilicho chini ya mapafu, pamoja na ile iliyo kati ya mbavu. Ikichoka katika mbio kali, mwili hubana mishipa ya damu iendayo miguuni, na miguu huwa mizito. Misuli ya kupumua hufunzwa kwa kifaa kidogo cha mdomoni kinachotia ugumu wakati wa kuvuta hewa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, Alison McConnell na wenzake wa Uingereza waliwapa wapiga makasia wanawake zoezi la wiki 11: pumzi 30, mara mbili kwa siku, kwa nusu ya nguvu zao za juu kabisa za kuvuta hewa. Walipiga makasia vizuri zaidi, ingawa tofauti haikuwa kubwa.

Dada akaagiza kifaa kwa jamaa aliyeko Uingereza. Sasa asubuhi na jioni mpwa wangu huketi barazani, na mama humhesabia kwa tasbihi yake ya punje 33, akizibakiza tatu. Kijana akilalamika, huambiwa, "Mwanangu, vuta!"

Wazazi wenye vijana wanamichezo, waambieni leo: msuli wa pumzi hufunzwa nchi kavu, tena mbele za watu. Asizibe mtu pumzi majini akiwa peke yake, liwe pipa, liwe bahari.