Tuondoleeni Vitabu, Tuachieni Viti
Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya maktaba za umma

Waheshimiwa,

Baada ya kuwaombea wasaa wa kuusoma waraka huu mpaka tamati, jambo ambalo najua ni zito kwa watu wenye vikao vingi kama nyinyi, naarifu kuwa mimi ni mkazi wa Tabora, mji ambao wasafiri wa karne ya 19 waliuandika Kazeh na wengine wakaufahamu kwa jina la himaya yake, Unyanyembe. Na kwamba nawaandikia si kwa kulalamika, hasha, bali kwa kutoa shukrani na kuleta pendekezo moja dogo ambalo, likikubaliwa, litawaepusha nyinyi na gharama na sisi na usumbufu: maktaba za umma ziondolewe vitabu, vibakie viti.

Tafadhalini msidhani nafanya mzaha. Rai hii nimeifikia baada ya kutazama kwa muda mrefu shughuli za maktaba moja ambayo sitaitaja kwa jina wala kwa mji, itoshe kusema kuwa iko mahali fulani kando ya ile njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwendea Ujiji. Asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, vijana wa kidato cha nne na cha sita wamekwisha jipanga barazani, kila mmoja na madaftari yake, karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, chupa ya maji na kikokotoo; mlango ukifunguliwa huingia, wakakaa, wakaandika mpaka jioni, wakaondoka, na kutwa nzima hiyo rafu za vitabu hazikuguswa na mtu ila mfagizi mwenye kitambaa cha vumbi. Vijana hawa siwalaumu hata chembe. Nyumbani kwao meza ni moja, nayo ni ya kulia chakula; taa ni moja, nayo iko kwa wageni. Wanachokihitaji ni kiti, meza, dari na utulivu, na maktaba inavyo vyote vinne. Kila aingiaye hutia sahihi katika daftari la mlangoni, sahihi hizo zikajumlishwa kila robo mwaka, na jumla yake ikaletwa kwenu kwa jina la idadi ya wasomaji, nanyi mkafurahi. Wala si vibaya kufurahi, kwani katika fomu niliyoiona pale kaunta hapakuwa na safu inayouliza ni vitabu vingapi vilivyotoka mlangoni vikiwa mikononi mwa watu.

Mtanikumbusha tarehe, nami tarehe naziheshimu. Mwaka 1948 ilipoundwa ile idara ya vitabu ya Afrika Mashariki yenye makao yake Nairobi, majumba ya maktaba katika Tanganyika yalikuwa ya kuhesabika, hata hivyo vitabu vilisafiri kwa masanduku na kwa posta, vikamfuata msomaji badala ya msomaji kuvifuata. Mwaka 1963 ikatungwa sheria ya huduma za maktaba. Tarehe 9 Desemba 1967, sikukuu ya Uhuru, Mwalimu Nyerere akaifungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam. Na mwaka 1975 Sheria Na. 6 ikaiweka Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania juu ya misingi inayosimamia mpaka leo. Sisi wa Tabora tuna fahari yetu katika jambo hilo, maana yule aliyelifungua jumba ni yule yule kijana wa Butiama aliyeletwa huku mwaka 1937 kusoma katika shule ya serikali, na ambaye baadaye, ilhali ana nchi nzima ya kuendesha, alipata faragha ya kumtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili mara mbili. Ingekuwaje, nawauliza, lau mwenye funguo za kabati la vitabu la shule ile angalimtaka kwanza alete mdhamini mwenye ajira ya kudumu, kama tunavyotakiwa sisi leo?

Lakini huenda tabia ya kulaza maandishi ni ya hewa ya huku, nanyi hamna lawama. Mwaka 1870 ulifungwa Unguja mfuko wa barua za Daktari Livingstone, ukaandikwa juu yake tarehe 1 Novemba, akakabidhiwa mtu aitwaye Kaif Halek aupeleke Ujiji. Mfuko ukaja hadi Unyanyembe, ukaketi. Uliketi salama, si mchwa aliyeugusa wala mwivi, ukilindwa kwa uaminifu wote, hata Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alipopita mwaka 1871 akauchukua pamoja na mchukuzi wake, ukamfikia mwenyewe Ujiji mwezi wa Novemba, mwaka mzima tangu ulipofungwa. Ungalihesabiwa katika ripoti ya robo mwaka, mfuko ule ungalisomeka: upo, haukupungua, hali njema. Mwenye barua zake, wakati huo, alikuwa Manyema akiirudia Biblia mara ya nne kwa kukosa kingine cha kusoma.

Sasa nisimulie niliyoyaona kwa macho yangu, kisha mhukumu kwa insafu. Aliingia katika maktaba hiyo nisiyoitaja mzee mmoja, mrina asali kutoka upande wa Sikonge, kofia mkononi, ndala zake amezivua mlangoni kwa adabu kana kwamba ni msikiti. Nta yake ilikuwa imekataliwa na mnunuzi kwa kuwa ina takataka, naye alikuwa amesikia kwamba kipo kitabu cha Kiswahili kinachoeleza namna ya kuichuja. Kitabu kilikuwapo; kilikuwa nyuma ya kioo, katika kabati lenye kufuli, ubavuni kimebandikwa tarakimu 638.1, ambayo kwa wakutubi wa dunia nzima ndiyo makazi ya nyuki.

“Shikamoo, baba,” alisema yule binti wa kaunta.

“Marahaba, mwanangu. Nakiomba kile cha nyuki, nikakisome nyumbani.”

Binti, kwa upole usio na dosari, akamtajia yanayotakiwa: ada ya uanachama, picha mbili za pasipoti, barua ya mtendaji yenye muhuri, na mdhamini mwenye ajira ya kudumu aishiye mjini. Mzee akasikiliza yote, akasema: “Mwanangu, mimi mizinga yangu iko porini, haina mlinzi wala kufuli, na sijapata kumdai mtu mdhamini kabla ya kumwonjesha asali.” Binti akainamisha kichwa. “Hata mimi ningependa kukupa, baba. Lakini kikipotea, nakatwa mimi mshahara.”

Hapo ndipo nilipofahamu kuwa kufuli lile halikuwa la roho mbaya. Mtumishi anayelipishwa kitabu kilichopotea, asiyepewa hata ahsante kwa kitabu kilichosomwa, ana sababu gani ya kukitoa? Mzee aliruhusiwa kukisoma pale pale. Miwani akawa ameisahau nyumbani. Akamwomba kijana wa meza ya jirani amsomee kurasa mbili tu. Kijana akaanza, sauti ya chini, na kabla hajamaliza sentensi ya pili akaoneshwa kibao cha ukutani kilichoandikwa KIMYA. Mzee akakifunga kitabu, akakirudisha kaunta kwa mikono miwili, akavaa ndala zake, akaenda kuliwahi basi. Katika daftari la mlangoni anahesabiwa msomaji.

Juu ya vitabu vya msaada nitapita upesi, maana mpokea zawadi akisema mno huonekana hana fadhila. Viko vilivyo vizuri sana, na watoto wetu wa sayansi wasingevipata kwingine. Viko pia, katika rafu nilizozipitia, vya kufundisha kuzuia mabomba ya nyumba yasigande wakati wa theluji, na kimoja kinene cha kodi ya mapato ya jimbo fulani la Marekani, toleo lililokwisha futwa na wenyewe. Navyo, kwa kuwa vimesajiliwa, havitupwi, na kwa kuwa havitupwi, vinajaza nafasi, na kwa kuwa nafasi imejaa, tunaambiwa hakuna pa kuweka vipya. Mpango wenyewe wa kuvipanga, aliouchapisha Melvil Dewey mwaka 1876, umetenga karibu mia nzima ya 200 kwa Biblia na Ukristo, na Uislamu ukapewa 297. Lugha nyingi za Afrika zikasongamana katika 496. Mji wenye misikiti kama huu wetu umesoma tarakimu hizo kwa subira, na hilo si kosa lenu.

Lililo lenu ni hili. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye dunia ilimpa lakabu ya Tippu Tip, na ambaye babaye alikuwa na maskani yake hapa Unyanyembe, aliandika maisha yake kwa Kiswahili chake mwenyewe, yakachapwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na W. H. Whiteley akaja akayahariri upya kwa wasomaji wa Afrika Mashariki. Alikuwa mfanya biashara ya pembe na ya watumwa, na anayoyasimulia hayamsafishi; ndiyo maana yafaa asomwe na wajukuu wa waliobeba pembe zile, frasila mbili mbegani, miezi mitatu hivi mpaka pwani. Kuna na kitabu cha Norman Bennett juu ya mtemi Mirambo, cha mwaka 1971, kwa Kiingereza. Niliulizia vyote viwili katika maktaba ile. Nikajibiwa kuwa vitabu vya historia ya hapa ni vya thamani mno, kwa hiyo haviazimwi. Na kwa kuwa mwenye ufunguo amekwenda semina, havionekani. Kijana wa Isevya anayetaka kujua mtemi Isike wa Unyanyembe alikufaje mwaka 1893 itambidi amuulize dereva wa bodaboda, ambaye, kusema kweli, ana jibu, tena refu.

Kufungia vitabu hakukuanza kwenu: katika Kanisa Kuu la Hereford, Uingereza, wanayo hadi leo maktaba ya kale ambayo kila kitabu kimefungwa mnyororo kwenye rafu yake, na watu hulipa kiingilio kwenda kuishangaa. Mkutubi mashuhuri wa Uhindi, S. R. Ranganathan, alipoandika kanuni zake tano mwaka 1931, ya kwanza aliyoiweka ni kwamba vitabu ni vya kutumiwa, akaanza maelezo yake na minyororo ya namna hiyo. Kwa njia yetu hii ya misafara, minyororo si hadithi ya kushangaza wageni, kwa hiyo nisiendelee.

Wala msidhani kwamba maktaba ile haina programu. Inayo, na nimeihudhuria. Tarehe 23 Aprili, siku ambayo UNESCO imeifanya kuwa ya vitabu duniani, lilisimamishwa turubai mbele ya jengo, viti vya plastiki vikavishwa vitambaa, matarumbeta yakaletwa, fulana zikagawiwa zenye maneno ya kuhimiza usomaji, mgeni rasmi akachelewa kwa muda unaolingana na cheo chake, watoto wa shule za msingi wakasimama juani wakikariri shairi la kumsifu, na hotuba ikasomwa yenye kusikitikia jinsi Watanzania wasivyopenda kusoma. Mlango wa maktaba, siku hiyo, ulifungwa kwa sababu ya sherehe. Wale vijana wa madaftari walikaa nyuma ya jengo, chini ya mwembe, wakaendelea na hesabu zao.

Basi narudi kwenye pendekezo langu, maana mtasema nimetaka vitabu viondolewe bila kueleza vinakwenda wapi. Nashauri viondolewe kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, kimoja kimoja, mikononi mwa watu, kila kimoja kwa siku kumi na nne. Barua ya balozi wa nyumba kumi itoshe kuwa dhamana kwa asiye na mwajiri. Mtumishi aliyekitoa kwa utaratibu asikatwe hata senti kikipotea, bali hasara iandikwe katika hesabu za umma kama inavyoandikwa hasara ya matairi. Na katika ile fomu ya robo mwaka iongezwe safu moja ya vitabu vilivyotoka, na mwenye tarakimu kubwa ndiye aende semina. Vile vya theluji na vya kodi ya Marekani mnaweza kuanza navyo wakati wowote, na hivyo msivisubirie virudi. Pale vilipokuwa, wekeni meza zaidi kwa ajili ya vijana, na taa, na mlango usifungwe kabla ya saa mbili usiku, ili mchukuzi wa stesheni na muuza duka nao wapate zamu yao. Wale wakutubi wanaofunzwa katika chuo cha Bagamoyo, pale pale misafara ilipokuwa ikifungia mizigo, wafundishwe pia kuifungua.

Kile cha nyuki kitangulizeni. Mwenyewe yuko Sikonge, na mabasi ya kwenda huko hutoka Tabora kila siku.

Wenu mtiifu,
Msomaji asiye na mdhamini,
Tabora