Chombo cha Angani Mbele ya Duka la Leso

Mtaa wa Biashara, Mombasa, hakununuliwi kitu kilichokunjwa. Leso hukunjuliwa, ikaelekezwa kwenye mwanga wa mlango, pindo likafuatwa kwa kidole hadi lirudi lilikoanzia, jina likasomwa kwa sauti, kisha mteja akasema, "Hebu nione nyengine." Huko ndiko nilikojifunza kuchora picha za sayansi ya kubuni kwa kompyuta, nyuma ya kaunta ya shangazi yangu, kwa sababu kuna feni na kuna soketi.

Soketi ni muhimu, kwani kompyuta yangu betri yake ilishastaafu. Programu ni Krita, ambayo ni ya bure. Tableti ni ya bei nafuu, isiyo na kioo: unachora mezani, mstari unatokea kwenye kompyuta. Mwanzoni mkono ulikuwa Biashara, mstari ukatokea Makupa. Kalamu yake, lakini, ina akili. Ukigusa kidogo mstari ni mwembamba, ukikandamiza, unanenepa. Shangazi alipoona hivyo alisema ina heri kuliko msaidizi wake wa dukani, ambaye hata akikandamizwa haonyeshi tofauti.

Wachoraji hushauri uanze na umbo kubwa jeusi, uweke mwanga na kivuli, rangi baadaye, vijipande vidogo mwisho kabisa. Ushauri mzuri kwa anayechora chumbani peke yake. Dukani, ukianza na umbo jeusi, kila apitaye anauliza hilo n'nini. Ukijibu ni chombo cha angani, anakutazama kwa huruma na kumuuliza shangazi kama kijana bado hajapata kazi. Kwa hiyo nilianza na vijipande.

Mafundi waliounda vyombo vya filamu ya Star Wars ya mwaka 1977 walichukua seti za plastiki za vifaru na ndege za kuunganisha, wakang'oa vipande, wakavibandika kila mahali. Jicho likiona vitu vingi vidogo huamini kwamba kilichovibeba ni kikubwa mno. Mimi sikuwa na vifaru. Nilikuwa na fundi anayepinda leso barazani, hivyo nikaipiga picha cherehani yake, nikaigeuza juu chini, nikaipaka kutu na moshi, ikawa injini.

Fundi akainama kwenye kompyuta. "Hii si yangu?"

"Ni yako, ami."

"Sindano umeipeleka wapi? Mwanangu, hii haitaruka wala haitashona." Kisha akauliza, kwa uzito wa mtu aliyewahi kuteseka, uzi ukijifunga huko ndani, na chombo kiko juu, nani ataufungua? Nikakosa jibu, nikachora mlango mdogo ubavuni mwa injini, wenye bawaba na alama za vidole vyenye grisi. Mpaka leo hakuna sehemu ya picha ile ninayoipenda kuliko mlango huo. Taa zinazometa kila mtu anachora.

Aliyefuata ni mzee mmoja mwenye kikombe cha kahawa tungu. Aliuliza chombo kinatokea wapi. Nikamwambia Marekani.

"Kwani Ngomeni kumehamishwa?"

Mzee alikuwa na haki. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitalia lililosimama baharini hapo Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ilirushwa satelaiti ya Wamarekani, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa inaadhimisha uhuru wake, iliitwa Uhuru. Mzee alinieleza pia kwa nini walikuja kwetu. Karibu na ikweta dunia huzunguka kwa kasi zaidi, ikakisaidia chombo kinachoelekea mashariki. Na mashariki yetu ni bahari tupu. "Kikianguka," alisema, "kinawaangukia samaki." Basi nikahamisha safari yote hadi Ngomeni, nikauweka mwaka 2170, miaka 200 baada ya ile satelaiti.

"Na maji?" aliuliza mama mmoja aliyekuja kununua leso ya harusi. Wanuri Kahiu aliuliza swali hilo hilo katika filamu yake *Pumzi* ya mwaka 2009, ila yeye hakuwa ananisubiri nijibu huku ameshika kiuno. Nikaongeza mkokoteni wa maji unaoelea hewani, na mitungi yake ya manjano ya lita 20. Mama akasema mkokoteni ni sawa, lakini anayeusukuma hana jasho.

Halafu kalamu ikapotea. Msaidizi wa shangazi aliikunja ndani ya doti, doti ikauzwa, mteja akashika njia ya Likoni. Nilipofika kivukoni, feri ilikuwa inaondoka na kalamu yangu. Siku zilizofuata nilichora kwa kidole, na mwezi uliotoka ulikuwa kama kiazi karai. Nikaubatiza kimondo. Kalamu ilirudi baadaye kwa mkono wa jirani, na ujumbe: kijiti chenu hakiandiki.

Stima nayo ilipopotea iliondoka na nyota. Programu hujiwekea akiba kila baada ya dakika kadhaa, na nyota zote nilizipanda ndani ya hizo kadhaa.

Ilibaki rubani, mwanamke, amesimama mlangoni mwa chombo. Nilimfunga leso juu ya mavazi ya angani, pindo na mji, nikidhani kazi imekwisha. Shangazi akasogea, akaisoma leso tupu.

"Jina liko wapi?"

Nikaandika kwa herufi kubwa: MWEZINI NIMEHAMIA UMBEA NIMEKUWACHIA.

Mteja aliyekuwa anavutana bei na shangazi aligeuka, akaacha leso aliyoishika, akaja hadi kwenye kompyuta na kulifuata pindo kwa kidole juu ya kioo. Lilirudi lilikoanzia. Akauliza doti ni pesa ngapi. Nikamweleza kwa adabu kwamba hiyo ni leso ya mwaka 2170.

"Sawa," akasema, "mzigo unaingia lini?"