Mhadhara Mkuu juu ya Rais wa Marekani, Washenga Wake na Farasi Wawili

Katika elimu ya dola, ambayo ni taaluma inayochunguza jinsi watu wachache wanavyowatawala watu wengi na jinsi watu wengi wanavyojiaminisha kuwa wamewachagua wachache hao, hakuna cheo kinachosemwa sana na kueleweka kidogo kama urais wa Marekani. Na upungufu huo ndio ambao mhadhara huu umekusudia kuuondoa kwa kikao kimoja, ili baada ya leo pasiwe na haja ya mtu mwingine yeyote kulisemea jambo hili. Mhadhiri, ambaye ubingwa wake haujathibitishwa na chuo chochote kwa kuwa haijapata kupatikana bodi yenye uwezo wa kumtahini, amelitafiti somo hili kwa miaka mingi akiwa kwenye benchi la baraza la kahawa, mahali ambapo, kama wanazuoni wajuavyo, matokeo ya uchaguzi wa Marekani hutangazwa wiki mbili kabla Wamarekani wenyewe hawajapiga kura.

Kuhusu sifa za mgombea hakuna haja ya kupoteza muda. Kifungu cha Pili cha Katiba iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787 kinamtaka awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza umri wa miaka 35, na awe ameishi nchini humo kwa miaka 14. Shahada haikutajwa, kujua kusoma hakukutajwa, wala busara haikutajwa, jambo ambalo wasomi wa juujuu huliona kuwa ni kasoro, ilhali mhadhiri, kwa sababu zake mwenyewe, huliona kuwa ni ukarimu. Barack Obama aliposhinda mwaka 2008, Serikali ya Kenya, nchi aliyotoka baba yake, ilitangaza siku ya mapumziko, na kijiji cha baba huyo, Kogelo, kikacheza ngoma. Hata hivyo kilichompitisha kwenye kifungu hicho ni kule kuzaliwa kwake Honolulu, na wanaobisha waendelee kubisha huko huko waliko.

Suala la uchaguzi lataka akili iliyotulia. Raia wa Marekani, tofauti na anavyodhani yeye mwenyewe anapotoka kituoni na kibandiko chake kifuani, hamchagui rais. Kwa lugha ya kitaalamu ambayo mhadhiri ameibuni, raia huyo haposi; hutuma mshenga. Washenga hao, ambao vitabu vya kawaida huwaita wajumbe wa uchaguzi, ni watu 538, na hesabu yao hupatikana kwa kulipa kila jimbo wajumbe sawasawa na jumla ya viti vyake katika Baraza la Wawakilishi na vile viwili vya Seneti, kisha mji mkuu wa Washington, ambao si jimbo, ukaongezewa watatu kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 1961. Kwa hiyo California ina washenga 54 na Wyoming, yenye watu wachache kuliko majimbo yote, ina watatu. Na anayepata 270 ndiye aliyekubaliwa posa. Karibu kila jimbo humpa mshindi washenga wote, hata kama ameshinda kwa kura moja, isipokuwa Maine na Nebraska, ambako baadhi yao hugawanywa kwa wilaya.

Kama ilivyo desturi ya ushenga, wapo wanaokwenda kuposea mtu mwingine. Mwaka 2016 washenga saba walimwacha waliyetumwa kumposea wakatamka jina jingine, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaamua kwamba majimbo yana haki ya kuwaadhibu wajumbe wa namna hiyo. Muuza kahawa aliyeuliza jana iwapo inawezekana, kwa utaratibu huu, aliyependwa na watu wengi akakosa na aliyependwa na wachache akapata, ajibiwe kwamba inawezekana na imekwisha kutokea zaidi ya mara moja: Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa kura za wananchi zinazokaribia milioni tatu na bado akabaki nyumbani. Swali lake la pili, kwamba basi ile kura ni ya nini, halikuwa la kitaaluma na halitajibiwa.

Mwaka 2000 ndio unaostahili kukaliwa kitako. Urais wote uliegemea jimbo moja, Florida, na Florida yote ikaegemea vipande vya karatasi vidogo kuliko punje ya mtama. Mpiga kura wa huko, katika wilaya kadhaa, alitakiwa kutoboa kadi kwa kijiti, na kipande kilichotobolewa kianguke. Lakini vingine vilining'inia kwa pembe moja, vingine kwa pembe mbili, na vingine havikutoboka kabisa ila viliacha kibonyeo. Basi mbele ya macho ya ulimwengu wakaonekana maofisa wazima, miwani imepandishwa kwenye paji la uso, wakiinua kadi moja moja kuelekea taa na kuikodolea jicho kama sonara anayekagua dhahabu ya kutiliwa shaka, ili wajue kama kibonyeo ni nia au ni mkono uliotetemeka. Mahakama Kuu, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ikasimamisha zoezi hilo, na George W. Bush akawa rais kwa tofauti ya kura 537 katika jimbo lenye kura karibu milioni sita. Dola iliyompeleka mtu mwezini ilishindwa na tundu.

Uchaguzi hufanyika Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba, kwa sheria ya mwaka 1845, kwa kuwa mkulima wa zama hizo alihitaji Jumapili ya ibada, siku moja ya safari kwa gari la farasi, na alitakiwa awahi soko la Jumatano. Wakulima hao wamekwisha, farasi wamekwisha, Jumanne imebaki.

Sasa madaraka. Mhadhiri ndiye mwasisi wa Nadharia ya Kufuli la Funguo Mbili, inayosema kwamba rais wa Marekani amekabidhiwa nyumba kubwa yenye milango mingi, lakini karibu kila kufuli lina matundu mawili, na ufunguo wa pili uko mfukoni mwa Kongresi, yaani bunge lenye mabaraza mawili. Rais humteua waziri, balozi au jaji, lakini Seneti isipoidhinisha, mteule huyo hurudi alikotoka. Rais hutia saini mkataba na nchi za nje, lakini hauwi mkataba hadi theluthi mbili za maseneta waliohudhuria waukubali, kama alivyofunzwa Woodrow Wilson, ambaye Mkataba wa Versailles alioujadili mwenyewe nchini Ufaransa ulikataliwa na Seneti yake. Rais hutumia kura ya turufu, ambayo ni haki ya kuurudisha mswada bungeni bila kuutia saini, lakini theluthi mbili za kila baraza zaweza kuupitisha bila yeye. Hata fedha za kuendeshea serikali yake humlazimu aziombe.

Kufuli lililolegea ni lile la vita. Rais ni Amiri Jeshi Mkuu, lakini Katiba imeipa Kongresi peke yake haki ya kutangaza vita, na mara ya mwisho kuitumia haki hiyo ilikuwa mwaka 1942. Baada ya hapo Wamarekani wamepigana Korea, Vietnam na Iraq pasipo tangazo lolote la vita, jambo ambalo wanasheria hulieleza kwa kurasa nyingi na ambalo mfiwa wa Saigon asingelielewa hata kwa zote.

Mlango mmoja tu wa maana una ufunguo mmoja, nao ni wa msamaha. Kwa makosa yaliyo chini ya sheria za shirikisho, rais humsamehe amtakaye bila kumuuliza mtu, kama Gerald Ford alivyomsamehe Richard Nixon mnamo Septemba 1974, mwezi mmoja baada ya Nixon kujiuzulu urais. Kila Novemba, mbele ya kamera, mamlaka hayo hayo makubwa hutumika kumsamehe bata mzinga, ambaye mpaka leo hakuna hati ya mashtaka inayoonyesha kosa lake.

Ushahidi mzito kuliko yote wa nadharia hii unatoka pwani yetu, na ni ajabu kwamba wanazuoni wa Washington hawajapata kuutumia ipasavyo. Mwaka 1840 Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, ambaye alikuwa amefunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, alituma merikebu yake Sultana hadi New York chini ya mjumbe wake Ahmad bin Naaman, ikiwa na zawadi za Rais Martin Van Buren: lulu, shali, mafuta ya waridi, na farasi wawili wa Kiarabu. Mtu wa kawaida angedhani kwamba mkubwa akimtunukia mkubwa mwenzake, kinachofuata ni asante. Lakini Katiba inamkataza mwenye cheo kupokea zawadi ya mfalme au dola ya nje bila ridhaa ya Kongresi. Van Buren akaeleza kwamba hawezi kuzipokea, Kongresi ikapitisha azimio, na farasi wakapigwa mnada, fedha zikaingia hazina. Ahmad bin Naaman aliondoka na merikebu iliyokarabatiwa na jeshi la majini la wenyeji wake, na sura yake ikachorwa na mchoraji Edward Mooney; aliyetoka mikono mitupu katika shughuli nzima ni rais.

Mwishoni mwa mwaka huo Van Buren alishindwa uchaguzi kwa washenga 60 dhidi ya 234. Wanahistoria wa kawaida huutaja mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1837. Mhadhiri huwataja farasi. Mshindi, William Henry Harrison, aliyekuwa na umri wa miaka 68, aliapishwa tarehe 4 Machi 1841, akahutubia kwa karibu saa mbili kwenye baridi, bila kofia wala koti, kisha akafariki dunia baada ya mwezi mmoja, na tangu hapo maadui wa mihadhara mirefu wamekuwa wakimtolea mfano kila mara mhadhiri anaposimama. Waelezwe kwamba watafiti wa karne hii wameacha kuilaumu hotuba na wanayashuku maji machafu yaliyokuwa yakinywewa Ikulu. Kwa hiyo sehemu ya pili itaendelea baada ya swala ya isha kama ilivyopangwa, na waandaaji wanaombwa waubadilishe ule mtungi.