Nera, Bonyeza Hapo

Mtu akishazoea kukaa Nairobi, kwenye ghorofa ambalo intaneti inatoka ukutani kama maji ya bomba, huona kompyuta ya mtu wa huku kwetu Awasi ni kitu cha kutibiwa kwa simu. Mpwa wangu ni wa kundi hilo. Kijana ana akili, sikatai, lakini ukimwambia printa imegoma hakuulizi imegoma vipi. Anasema: "Nera," yaani mjomba, "tulia, naingia."

Haingii.

Kwanza alitaka anwani ya kompyuta. Nikamsomea tarakimu, 192.168 na zilizofuata, huku matrekta ya miwa ya kwenda Chemelil yakinimeza maneno. Akacheka. Hiyo, alisema, ni anwani ya humu ndani tu, inayogawiwa na simu yangu ninayovutia intaneti, na nyumba chungu nzima zinayo iyo hiyo. Anwani za ule mfumo wa zamani wa mtandao ni kama bilioni 4.3, nasi duniani tumepita bilioni 8, basi kampuni za simu hutubana wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kutoka tunatoka, ila mgeni akija hajui abishe wapi. Sasa kama uliyajua haya yote, kijana, tarakimu ulinisomesha za nini?

Akaja na mpango wa pili: programu ambayo kompyuta yake na yangu zinapiga hodi kwa seva moja huko nje, nayo inazikutanisha kwa namba ya siri. Kusaidiana kwa mbali si jambo la jana. Windows XP ya 2001 ilikuja nako tayari. Lakini namba hizi zina maisha mafupi, na stima ya Awasi ina ratiba zake. Ikakatika. Iliporudi, namba ilikuwa imekufa. Akatuma nyingine. Programu ikazunguka, ikazunguka, ikatangaza kwamba haiwezi kuunganisha.

Hapo mahubiri yakaanza. Zima antivairasi. Iwashe tena. Ifute kabisa. "Nera, uko kwenye skrini gani?" Niko kwenye skrini moja niliyonayo. "Ukiona kidirisha, bonyeza hapo." Hapo wapi? Wataalamu wa mbali wote wanaamini kidole chao kinaonekana kwenye simu. Alinipa hata hotuba ya nyaya za baharini, jinsi EASSy na SEACOM zilivyokatika Mei 2024 intaneti ikajikokota Afrika Mashariki, kana kwamba mto wetu Nyando unamwaga maji Bahari ya Hindi.

Aliyegundua ugonjwa ni fundi wa saa, yule mwenye kimeza chake karibu na stendi. Alikuja kuulizia orodha ya harambee, ambayo ndiyo iliyokuwa ikingoja printa. Akainama, akatazama pembe ya skrini kwa jicho lililozoea vitu vidogo.

"Mwalimu, mbona huku ni 2009?"

Kweli bwana. Tarehe 1 Januari 2009. Kwa hesabu za mashine yangu Kibaki yuko Ikulu, Raila ni waziri mkuu, na SEACOM haijaanza kazi Mombasa mpaka Julai. Kuna wazee hapa sokoni ambao wangesema iachwe huko huko.

Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, CR2032, inayolinda saa stima inapopotea. Ikifa, kila giza linairudisha mashine kwenye tarehe iliyotoka nayo kiwandani. Na programu za siku hizi hazizungumzi kabla ya kuonyeshana vyeti, vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine iliyo 2009 ikionyeshwa cheti cha juzi, inaona karatasi ya mwaka ambao haujazaliwa. Inakataa, na mimi ningekataa. Kujirekebisha nako ni shida: Windows kwa kawaida ikikuta saa ya mtandao imepishana na yake kwa zaidi ya saa 15, haiigusi. Haya yote mpwa wangu anayajua, ana digrii yake imetundikwa ukutani kwa dada yangu. Kuuliza leo tarehe ngapi ndiko kulikomshinda.

Fundi akafungua kasha, akang'oa betri, akatia mpya, akaweka tarehe kwa mkono. Malipo yake hayakufika bei ya samaki mmoja wa kukaanga.

Mpwa akaingia. Mshale ukaanza kutembea wenyewe, nikakaa kando kwa heshima nikingoja uende kwenye printa. Thubutu! "Nera, mashine hii haijasasishwa siku nyingi," akasema, akabonyeza palipoandikwa sasisha zote. Bando langu la wiki likaondoka nikilitazama, mshale ukaganda katikati ya skrini. Nikatia orodha kwenye flashi, nikaelekea saiba kuichapisha.

Nikiwa kwenye foleni simu ikalia.

"Nera, mbona umenitoa? Hebu nunua bando lingine, nilikuwa nimebakisha kidogo tu."