Wazazi wa Chekechea Kwenye Tope la Mikoko

Upandaji mikoko wa familia za chekechea ni shughuli ya kujitolea ambapo watoto wa miaka minne na mitano huwapeleka wazazi wao ufukweni kupanda miti. Barua ya shule husema kinyume, kwamba wazazi ndio watakaowapeleka watoto, lakini barua huandikwa kabla ya siku yenyewe, kwa hiyo haifai kulaumiwa.

Pwani ya Kenya shughuli hii imezoeleka kwa sababu mikoko haiko mbali. Nchi nzima ina hekta zipatazo 61,000 za misitu hiyo, zaidi ya nusu zikiwa Lamu, na hata Mombasa mjini mtu hufika kwenye hori ya Tudor kwa tuktuk kabla mtoto hajauliza mara ya tatu kama wamefika. Sababu nyingine ni Mtaala wa Umilisi uliozinduliwa mwaka 2017, unaomtaka mzazi ashiriki masomo ya mwanawe tangu PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea. Wazazi wengi waliuelewa ushiriki huo usiku wa Jumapili, walipokuwa wakitafuta magunia na mashati kuukuu ya kutengenezea sanamu ya kutishia ndege, ambayo Jumatatu ingewasilishwa kwa jina la mtoto. Kupanda mkoko kuna nafuu moja: hakufanyiki nyumbani.

Halafu kuna kalenda. Tarehe 26 Julai ni siku ya kimataifa ya mikoko, iliyopitishwa na UNESCO mwaka 2015, na huangukia muhula wa pili, walimu wakiwa bado wana nguvu. Serikali nayo haijakaa kimya. Tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa sikukuu ya taifa ya kupanda miti, na kila Mkenya akaombwa apande angalau miche miwili. Hiyo ni hesabu ndogo kwa mtu mzima. Kwa mtoto wa PP2 aliyekabidhiwa ndoo ya mbegu ni dharau.

Maandalizi huanzia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Mwalimu hutuma tangazo fupi lenye mambo manne: tarehe, saa, mchango wa usafiri, nguo kuukuu. Katika muda usiotosha kuchemsha chai, mzazi mmoja huuliza tarehe, wa pili huuliza saa, wa tatu hutuma dole gumba, na wa nne hutuma tangazo la kiwanja kinachouzwa Mtwapa kisha akalifuta, lakini si kabla ya wa tano kuuliza bei. Suala la gambuti huchukua siku mbili. Wapo wanaotaka zinunuliwe kwa mchango, wapo wanaotaka kila mtu ajitafutie, na yupo baba mmoja, ambaye hakosekani katika kundi lolote, anayeandika kwamba wao walikulia matopeni bila gambuti wala hawakufa. Hukumu ya baba huyu itatolewa na tope.

Kosa kubwa zaidi hufanyika hapa, na hufanyika kimyakimya. Shule hupanga shughuli saa nne asubuhi, baada ya uji. Bahari haina saa ya uji. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapopevuka, maji ya Mombasa hupwa kabisa karibu na saa nne hiyo na tope lote likawa wazi. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, saa nne hiyo hiyo ndiyo maji yanapojaa. Katikati ya hapo kujaa na kupwa husogea mbele kwa dakika hamsini hivi kila siku. Mvuvi yeyote anayajua haya bila kutazama karatasi. Kamati ya wazazi huyajua inaposhuka kwenye basi.

Familia zikishuka na kukuta maji yamejaa mikokoni, yanayomfika mtu mzima magotini na mtoto kiunoni, mwenyeji wao, mara nyingi mama wa kikundi cha kuhifadhi msitu aliyejifunga leso kiunoni, huwapokea kwa utulivu.

"Karibuni. Maji yatapwa."

"Saa ngapi, mama?"

"Yakipwa."

Yanapopwa kiasi cha kupandika ni baada ya adhuhuri. Kufikia hapo mahamri yamekwisha, mbaazi zimemwagika ndani ya begi la mtu, watoto wawili wamelala mgongoni, na wazazi wamemaliza kusikiliza hotuba tatu ambazo zingekuwa moja kama maji yangekuwa nje. Tangazo lilisema saa nne, na saa nne wote walikuwepo. Kwa kipimo cha shughuli za shule, hilo ni fanikio linalostahili kuandikwa.

Kuhusu mavazi, maneno "nguo kuukuu" hueleweka kwa namna nyingi. Watoto huja na sare mpya kwa sababu ya zamani haikuonekana asubuhi ile. Akina mama kadhaa huja na madera yaliyopigwa pasi, kwa hoja nzuri kwamba picha zitapigwa na picha hazifutiki. Akina baba huja na raba nyeupe. Kwa nini nyeupe, hakuna aliyewahi kueleza, ila kila safari zipo, na mwenyeji huzitazama kwa huruma ya mtu anayejua mwisho wa hadithi.

Tope la mikoko lina tabia zake. Ni laini, limejaa majani yanayooza, na chini kidogo ya uso wake hakuna hewa. Bakteria wanaoishi humo bila oksijeni hutoa gesi ya salfa yenye harufu ya yai viza. Kwa hiyo swali la kwanza la kisayansi katika kila ziara huulizwa na mtoto, kwa sauti, mara tu mguu wa kwanza unapozama: "Nani amejamba?" Watu wazima hucheka au humkemea. Wote hupoteza nafasi, kwa sababu jibu la kweli, kwamba ni tope lenyewe linalopumua hivyo, ndilo somo pekee la siku ile ambalo mtoto atalisimulia nyumbani kwa mwezi mzima, na kwa wageni.

Tabia ya pili ya tope ni kutopendelea watu wazima. Mtoto wa kilo kumi na saba hutembea juu yake akizama hadi kifundo. Babake mwenye kilo themanini huzama hadi nusu ya muundi, kisha hufanya kosa ambalo kila mtu hulifanya: husimama kufikiri. Anaposimama, tope hujifunga. Anapovuta mguu, mguu hutoka, raba hubaki. Hapo huinama kuitafuta kwa mkono wa kulia huku simu ikiwa mkono wa kushoto, na pale nyuma binti yake, ambaye tayari amepanda mbegu saba, hurudi kumshika shati asianguke. Baba akishika mzizi kujisaidia hugundua kwamba mizizi ya mkoko huota chaza, na chaza hukata. Mama mwenye leso hupita kando yao akitembea haraka kwa hatua fupi, bila kuchafuka zaidi ya kifundo, akiwa amebeba ndoo mbili. Huyo baba ndiye aliyeandika kuhusu kukulia matopeni.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Mkoko, ule unaosimama juu ya mizizi iliyopindana, huotesha mbegu ikiwa bado juu ya mti mama. Kinachoning'inia kwenye tawi ni mche tayari, wa kijani, mrefu na mwembamba kama bamia iliyopitiliza kukomaa. Mche hudondoka, hujichoma topeni au huelea hadi pengine pa kushika. Anayepanda huuingiza kwa ncha, kiasi cha theluthi moja, na kuacha hatua moja kabla ya mwingine. Mtoto akiambiwa "kichwa juu, miguu chini" huelewa mara moja, maana naye amesimama hivyo hivyo. Ugumu huja kwa watu wazima waliosoma. Wengine huona ncha kali na kuamua kuwa ndiyo jani changa, wakapanda safu nzima kichwa chini, tena safu iliyonyooka kwa kamba. Mwenyeji hungoja waondoke kwenda kunywa maji, kisha huipindua miche mmoja mmoja.

Nafasi ya hatua moja nayo huvunjwa, ila kwa sababu nzuri zaidi. Watoto hupanda miche mitano katika shimo moja ili isiwe mipweke.

Mahali pa kupanda ni jambo zito kuliko yote, na ndilo lisilozungumzwa kabisa kwenye kundi. Kenya ina aina tisa za mikoko, kila aina na ukanda wake. Mlilana husimama mbele, unapokabili maji wazi. Mkoko hukaa nyuma yake. Mkandaa hupenda juu zaidi, pasipofikiwa na kila maji, na mchu hauchagui sana, huonekana mbele na nyuma. Ukipanda mkoko mahali pa mlilana, mawimbi huung'oa. Ukiupanda kwenye uwanda mtupu ambao haukuwahi kuwa na mti, kwa kuwa tu ni karibu na maegesho ya basi, huenda ukafa wote. Mara nyingine dawa si kupanda. Mfereji uliozibwa ukifunguliwa na maji yakapita, mbegu huja zenyewe na kujipanda bila hotuba. Hili ni gumu kuliuza kwa kamati, kwa kuwa halipigiki picha.

Picha, kwa kweli, ndiyo nguzo ya shughuli. Bango hushikwa na wazazi wanne, mche huinuliwa juu, na mpiga picha huwaomba watoto wasogee mbele. Watoto hawapo. Wamechuchumaa karibu na matundu madogo, ambamo wametoka kaa wasiozidi kidole gumba cha mtu mzima. Dume la kaa hao lina gando moja kubwa kupita mwili wake unavyostahili. Hulipandisha na kulishusha, mara hii na mara hii, kuwaita majike na kuwaonya madume wenzake. Watoto, waliofundishwa adabu, nao humpungia mkono. Huendelea hivyo kwa muda mrefu, kaa akipunga, darasa zima la PP2 likijibu, hadi mzazi mmoja anapokuja kuona kuna nini. Kivuli chake kikianguka juu ya tundu, kaa wote huzama mara moja. Watoto humtazama mzazi yule kwa namna ambayo hatasahau upesi.

Chakula huleta sheria. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa, mirija na vyombo vya plastiki vya kutumika mara moja haviruhusiwi katika mbuga, fukwe na misitu iliyohifadhiwa. Familia zilizokuja kuokoa mazingira hujikuta zimeyabebea chupa za maji, juisi zenye mirija na pakiti za krisps. Mabuyu hupita salama yakiwa yamefungwa kwa karatasi, na ushahidi wa kuliwa kwake hubaki mwekundu mdomoni kwa siku nzima. Vilivyobaki hurudishwa kwenye basi, na watoto hupewa magunia ya kuokotea taka zilizoletwa na maji. Hapo hawashindiki. Kila ziara hupatikana vizibo, nywele bandia, na ndara, daima ya mguu mmoja. Ndara za namna hiyo ni nyingi kiasi kwamba mafundi wa Lamu waliunda jahazi la plastiki iliyookotwa, Flipflopi, wakalifunika kwa ndara zipatazo 30,000, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Mtoto akisikia habari hiyo huanza kuokota kwa bidii ya fundi. Babake, aliyebaki na raba moja, huulizwa kama anaihitaji.

Baada ya miezi mitatu shule zenye busara hurudi kuhesabu. Sehemu ya miche huwa imeliwa na kaa, mingine imechukuliwa na mawimbi, mingine imekanyagwa na mbuzi. Iliyobaki imetoa majani mawili au manne, na kila mtoto huutambua mche wake bila shaka yoyote. Watoto sita wanaweza kuutambua mche huo huo. Kuhesabu huku, kwa maoni ya wengi waliowahi kusimamia shughuli hizi, ndiyo kazi inayowafaa watoto hasa kuliko kupanda: ni kwa macho na vidole, haihitaji bango, na humlazimu mzazi ainame. Kuokota mbegu zilizodondoka na kuzipeleka kitaluni ni kazi ya pili. Kwa familia zinazotaka kuonja bila kuzama, zipo njia. Gazi, katika Kaunti ya Kwale, akina mama wa kijiji wana daraja la mbao linalopita juu ya tope katikati ya msitu, na kijiji hicho pamoja na Makongeni, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, huuza hewa ukaa tangu mwaka 2013 na kutumia fedha hizo kwa maji na vifaa vya shule. Darajani raba nyeupe haina hatari.

Muhula unaofuata kamati huwa na maazimio mawili. La kwanza ni kwamba tarehe ataulizwa mvuvi kabla ya kuulizwa ofisi, na hilo hutekelezwa. La pili ni kwamba zinunuliwe gambuti za saizi ya akina baba. Hilo hupelekwa kwenye kundi kwa majadiliano, na mtoto huingia gredi ya kwanza majadiliano yakiwa bado yanaendelea.